Dawa Isiyomngoja Mgonjwa

Haya ni maneno yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi wa Tseikuru, Mwingi Kaskazini, wakati wa mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii. Tunayachapisha kwa ombi la waliokuwapo na kwa faida ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Mimi si daktari wala mwanasayansi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu katika kaunti ni kuchukua jambo gumu na kulieleza kwa lugha ambayo sote tutaielewa. Ninayosema leo nimeyasoma na kuyauliza kwa wanaoyajua. Lakini sababu ya kuyauliza haikutoka ofisini. Ilitoka nyumbani kwetu.

Mama mdogo wangu anaishi hapa Tseikuru. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje jina lake. Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na daktari akataka kujua kama ugonjwa umetambaa mahali pengine mwilini. Akapewa barua ya rufaa kwenda kupigwa picha Nairobi, katika mashine inayoitwa PET. Barua ilisema afike saa 2:00 asubuhi.

Mimi ndiye niliyepanga safari. Nikafikiri kama tunavyofikiri sote kuhusu kliniki: utafika, utachukua namba, utakaa kwenye benchi. Ukichelewa, utakuwa wa mwisho, lakini utahudumiwa. Tukapanda gari la usiku wa manane. Kabla ya kufika Kyuso gurudumu likapasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Tulifika hospitalini saa 5:40.

Muuguzi alitupokea kwa upole, akatuambia dawa ya mama imekwisha. Hakumaanisha kwamba wamempa mtu mwingine. Ilikuwa bado ndani ya chupa yake, imeandikwa jina lake. Lakini haikuwa na nguvu tena ya kutosha. Akapewa tarehe nyingine, wiki mbili mbele.

Kwenye gari la kurudi mama mdogo aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Ni dawa gani hiyo isiyoweza kumngoja mgonjwa?"

Leo nimekuja na jibu.

Dawa inayohesabu saa

Dawa nyingi tunazozijua huwekwa kabatini. Panadol unaweza kuinunua leo na kuimeza mwaka ujao. Lakini kuna dawa zilizotengenezwa kwa isotopu za mionzi. Isotopu ya mionzi ni chembe isiyotulia. Inatoa mwali, na ikishautoa inageuka kuwa kitu kingine. Huo mwali ndio mashine inaoutumia kuona ndani ya mwili. Chembe iliyokwisha kugeuka haina kazi tena.

Kugeuka huko hakuzuiliki kwa friji, kwa kifuniko wala kwa maombi. Kila isotopu ina muda wake wa kupungua nusu. Chukueni mfano wa debe la ndengu. Tuseme kila baada ya muda fulani, nusu ya zilizobaki zinatoweka. Debe linakuwa nusu debe, kisha robo, kisha nusu ya robo. Halitowekei mara moja, lakini halisimami pia.

Dawa ya mama mdogo ilikuwa sukari iliyofungwa na isotopu iitwayo florini-18. Muda wake wa kupungua nusu ni dakika 110 tu. Kutoka saa 2:00 hadi saa 5:40 ni dakika 220, yaani mara mbili ya muda huo. Tulipofika, robo tu ndiyo iliyokuwa imebaki. Wazee walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa ngoja ngoja ilimaliza dawa yenyewe.

Kwa nini wasitumie isotopu inayodumu zaidi? Kwa sababu hiyo hiyo inayotusumbua ndiyo inayotulinda. Kitu kinachotoa mionzi hakifai kukaa mwilini mwa mtu kwa miaka. Kinatakiwa kuingia, kionyeshe kinachotafutwa, kisha kiishe. Ufupi wa maisha yake ndio usalama wetu.

Inatoka wapi?

Isotopu hizi hutengenezwa kwa njia kuu mbili, na ni vizuri kuzijua, maana nasikia watu wakisema hospitali zinawadunga wagonjwa "nyuklia ya mabomu".

Njia ya kwanza ni saiklotroni. Hii ni mashine ya umeme na sumaku inayozungusha chembe ndogo kwa kasi kubwa na kuzigonga kwenye maji maalumu. Florini-18 inazaliwa humo. Hakuna urani hapo. Hapa Kenya tunazo saiklotroni katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile iliyoko upande wa Kahawa. Kwa anayetoka kwetu kupitia Mwingi, Matuu na Thika, hospitali hiyo iko kabla ya kuingia katikati ya jiji. Kabla ya mashine hizi kufika nchini, Wakenya wengi waliohitaji picha ya PET walisafiri nje, wengi wao India.

Njia ya pili ni kinu cha nyuklia, na hapa ndipo urani inapoingia. Urani, thoriamu, plutoniamu na aktiniamu ni ndugu wa ukoo mmoja ambao wanakemia wanauita aktinidi. Ni metali nzito, na zote hutoa mionzi.

Vibamba vidogo vyenye urani huwekwa ndani ya kinu kwa siku kadhaa. Baadhi ya chembe za urani-235 hupasuka vipande viwili. Katika kila mipasuko 100, takriban 6 huzaa kitu kiitwacho molibdenamu-99, ambacho hupungua nusu kila baada ya saa 66. Hicho ndicho kinachotafutwa.

Lakini kimechanganyika na urani iliyobaki na vipande vingine chungu nzima. Kwa hiyo vibamba hupelekwa katika chumba chenye kuta nene za risasi na zege. Hakuna mtu anayeingia. Fundi anasimama nje, anatazama kwa kioo kinene, anatumia mikono ya chuma. Vibamba huyeyushwa kwa kemikali, kisha molibdenamu hutengwa, kama vile tunavyopepeta ndengu na kuondoa changarawe, kokoto moja baada ya nyingine.

Kazi hii haina mzaha. Urani-235 huchukua miaka takriban milioni 700 kupungua nusu. Plutoniamu-239, ambayo nayo huzaliwa kidogo ndani ya kinu, huchukua miaka takriban 24,000, na ikiingia mwilini hukaa kwenye mifupa na ini. Mama anaishi karibu milele, mtoto anaishi siku chache. Kazi ya mwanakemia ni kuhakikisha mtoto anatoka peke yake, na mama hamfuati hata chembe. Dawa hupimwa kabla ya kutoka, na isiyokuwa safi haifiki kwa mgonjwa.

Afrika haiko nyuma katika kazi hii. Kinu cha SAFARI-1, kule Pelindaba karibu na Pretoria, Afrika Kusini, kilianza kufanya kazi mwaka 1965. Ni miongoni mwa vinu vichache duniani vinavyotengeneza molibdenamu-99 kwa wingi. Na mwaka 2010 Afrika Kusini ilitangulia dunia kuuza kwa wingi molibdenamu iliyotokana na urani isiyofaa kutengeneza bomu. Kwa hiyo anayesema ni nyuklia ya mabomu, mwelezeni hivyo.

Ng'ombe wa kukamuliwa kila asubuhi

Sasa sikilizeni jambo ambalo wafugaji wataliona kuwa la kawaida. Molibdenamu yenyewe haidungwi kwa mgonjwa. Inafungwa ndani ya chombo kidogo chenye ngao ya risasi na kusafirishwa hospitalini. Humo ndani inazaa mtoto mwingine, teknetiamu-99m, anayepungua nusu kila baada ya saa 6. Kila asubuhi mtaalamu anapitisha maji ya chumvi ndani ya chombo, na maji yanatoka na teknetiamu. Kesho yake imejaa tena. Wataalamu wenyewe wanaiita kazi hiyo kukamua, na chombo wanakiita ng'ombe.

Ng'ombe huyu hazidishiwi maziwa kwa kulishwa. Baada ya wiki moja amebaki na nguvu isiyofika hata sehemu 1 kati ya 5. Inabidi mwingine aletwe, tena kwa ndege. Lakini teknetiamu ndiyo inayotumika katika vipimo karibu 4 kati ya kila 5 vya tiba ya nyuklia duniani: mifupa, moyo, figo, tezi ya shingo.

Ndiyo maana hitilafu ya mbali inaweza kumfikia mgonjwa aliye karibu. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River huko Kanada kilivuja maji yake na kufungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mapema mwaka 2010 kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikasimamishwa kwa matengenezo. Viwili hivyo vilikuwa vikitoa sehemu kubwa ya molibdenamu ya dunia nzima. Hospitali katika nchi tajiri zikaahirisha vipimo. Mnakumbuka Aprili ya mwaka huo, jivu la volkeno ya Iceland lilipozuia ndege na maua ya Naivasha yakaoza? Bidhaa isiyoweza kungoja huumia ndege zikisimama, iwe ua au dawa.

Kwa hiyo mkiambiwa kipimo kimeahirishwa kwa sababu mzigo haujafika, msidhani daima mtu amekula pesa. Ulizeni tarehe mpya, na mwandikiwe.

Sikuja kuahidi

Najua swali linalofuata: kaunti italeta lini mashine hizi hapa?

Naomba niwe mkweli. Mimi ni mtu wa kutoa habari, si wa kutoa ahadi. Florini ya dakika 110 haiwezi kutengenezwa Nairobi na kufika Tseikuru ikiwa na nguvu ya maana, na mashine ya PET haiwekwi mahali pasipo na umeme wa kutegemewa na wataalamu wake. Ng'ombe wa teknetiamu anaweza kusafiri, lakini naye anahitaji kamera maalumu, daktari wa tiba ya nyuklia, na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hadi hayo yote yapatikane karibu nasi, mgonjwa ndiye atakayesafiri. Tunachoweza kukibadilisha leo ni namna anavyosafiri, na namna tunavyompokea akirudi.

Pia naomba tuwe macho na wauzaji wa matumaini. Ni kweli kuna aktiniamu-225, isotopu ya ule ukoo wa urani, ambayo madaktari wa Pretoria wamekuwa wakiitumia kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa. Mwali wake husafiri umbali wa seli chache tu, kwa hiyo humpiga adui bila kuharibu sana jirani. Lakini bado ni tiba ya utafiti, na inapatikana kwa uchache mno. Mtu akija sokoni na chupa au jiwe akisema lina nyuklia ya kutibu saratani, huyo ni tapeli. Mpigieni chifu simu. Hata Mrima, kule Kwale, udongo una thoriamu nyingi, lakini hakuna aliyepona kwa kuchota udongo ule. Bila kemia safi, mionzi ni hatari tu.

Kikombe chenye uzi

Nimalizie hadithi ya mama mdogo.

Mara ya pili tulisafiri siku moja kabla, tukalala kwa jamaa Githurai, na saa 1:15 asubuhi tulikuwa mlangoni. Alidungwa saa 3:00, akalala kwa utulivu takriban saa moja ili ile sukari ienee, kisha akapigwa picha. Yaliyoonekana ni yake na daktari wake. Ninachoweza kusema ni kwamba matibabu yake yalipangwa kwa kuona, si kwa kubahatisha.

Tulifika nyumbani saa 2:00 usiku. Watoto walikuwa wamehamishiwa kwa jirani. Mezani kulikuwa na kikombe kimefungwa uzi mwekundu, ili mtu mwingine asije akakinywea. Mtu alikuwa amesema mama anarudi na mionzi. Mama mdogo alikitazama kile kikombe, akasema ameshiba, akaenda kulala. Na mimi, niliyekuwa naye hospitalini siku nzima, nilinyamaza, kwa sababu hata mimi sikuwa na uhakika.

Leo ninayo hesabu. Kutoka saa 3:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku ni saa 11. Florini ilikuwa imepungua nusu mara 6. Ilibaki sehemu 1 kati ya 64, hapo hatujahesabu iliyotoka kwa mkojo. Jogoo wa alfajiri alipowika, ilikuwa chini ya sehemu 1 kati ya 1,000. Hospitali ilikuwa imemwambia asiwakumbatie watoto wadogo wala kukaa karibu na mjamzito kwa saa chache za siku ile. Saa hizo zilikwisha tukiwa barabarani. Kikombe kile kilikaa na uzi wake wiki tatu.

Iodini-131, inayotumiwa kutibu tezi ya shingo, ni tofauti kidogo. Yenyewe hupungua nusu kila baada ya siku 8, ingawa mwili huitoa mapema zaidi kwa mkojo. Mgonjwa wa aina hiyo huambiwa alale peke yake kwa siku kadhaa, asiwe karibu na watoto na wajawazito, anywe maji kwa wingi, anawe mikono vizuri na amwage maji ya kutosha chooni. Mama anayenyonyesha huacha kunyonyesha kabla ya tiba, na mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa miezi kadhaa. Siku hizo zina mwisho, na mwisho wake umeandikwa kwenye karatasi yake. Zikiisha, arudishiwe kikombe chake.

Wahudumu wetu wa afya ya jamii, nawaachia mambo matano ya kubeba hadi mlangoni mwa kila nyumba yenye mgonjwa aliyepewa rufaa ya namna hii.

Kwanza, saa iliyoandikwa kwenye barua ni saa ya dawa, si saa ya foleni. Anayetoka Tseikuru asafiri siku moja kabla.

Pili, safari ikiharibika, pigeni simu hospitalini mara moja, hata kama ni usiku. Wakijua mapema, wanaweza kubadilisha mpango kabla dawa haijatengenezwa.

Tatu, kwa picha ya PET, mgonjwa asile kwa angalau saa 6 kabla, maji tu. Asifanye kazi nzito siku moja kabla: asichote maji kwa mitungi, asilime, asitembee mwendo mrefu. Misuli iliyochoka hunyonya ile sukari, na picha inapotosha. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema.

Nne, kabla ya kusafiri, hakikisheni mgonjwa amesajiliwa SHA, na muulize hospitali ni kiasi gani kitalipwa na kiasi gani kitatoka mfukoni.

Tano, mgonjwa akirudi, msome ile karatasi ya maelekezo mbele ya familia nzima, kwa sauti, kwa Kikamba ikibidi. Aliyesikia mwenyewe hatafunga uzi kwenye kikombe.

Mama mdogo aliniuliza ni dawa gani isiyomngoja mgonjwa. Ni dawa iliyoumbwa iishe upesi ili mgonjwa abaki. Haiwezi kutungoja, kwa hiyo sisi ndio tuiwahi. Na mwenzetu akirudi kutoka huko, tusimngojeshe nje ya nyumba yake mwenyewe.